Acha Nukta Moja

Siku Shomari alipoanza kumwonea wivu mtu asiye na mwili, alikuwa ametoka zamu mapema. Pampu ya pili ilikuwa imekabwa na matope, wazibuaji walikuwa kazini, na fundi wa ruta hana la kufanya mbele ya matope. Akapita chumba cha ruta kuchukua chupa yake ya chai.

Kwenye ubao wa taa kila mfanyakazi wa Kituo cha Kilindi alikuwa na taa yake. Ikiwa imezimika, mwenyewe hana simu. Ikiwaka kijani, yuko kwenye maongezi. Taa ya 3418 ilikuwa kijani.

Shomari akaitazama, akajitazama, akaitazama tena. 3418 ilikuwa namba yake mwenyewe.

"Haya," akasema peke yake. "Naongea na nani, na mimi niko hapa nimeshika chupa?"

Jibu alikuwa analo, ila hakulitaka. Kilindi kilikaa juu ya mwamba chini ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo jua halijapata kufika. Redio nayo haifiki huko, maji yanaimeza. Sauti zote za nchi kavu zilishuka kwa kebo moja, nene kama paja la mtu mzima, zikaingia kwenye ruta, na ruta ndiyo iliyoamua nani amsikie nani. Kazi ya kituo ilikuwa kuvuta maji baridi ya kule chini na kuyapandisha Kigoma, kwenye ghala la mitambo inayofikiri. Mitambo ile ikikosa maji kwa muda wa kuchemsha chai tu, inaungua. Na ndani ya mitambo ile ndimo vilimoishi vivuli.

Kila mfanyakazi alikuwa na kivuli chake. Miezi ya mwanzo mitambo ilikusikiliza unavyoongea na wa kwenu, ikajifunza sauti yako, utani wako, hata namna unavyomeza mate kabla ya kudanganya. Baada ya hapo, nyumbani wakipiga simu nawe uko zamu, kivuli kinapokea. Hakuna aliyedanganywa, maana wote walijua. Kilichosemwa kwa kivuli kilibaki kwa kivuli, hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na watu waliishukuru, kwa sababu sauti inayofanana na ya mtu wako ni afadhali kuliko mlio wa simu isiyopokewa.

Lakini asubuhi ile Shomari alikuwa amemtumia mkewe salamu kwamba leo atatoka mapema, ampigie. Simu yake haikulia. Akainama kwenye ubao, akasoma tarakimu zilizopigwa: 9773418. Aliyepiga alikuwa ameweka tisa mbele. Tisa mbele maana yake: simtaki mwenyewe, nipe kivuli.

Fundi aliruhusiwa kusikiliza kidogo tu, kupima kama sauti inapita vizuri. Shomari akavaa hedifoni, akapima.

"Shomari, wewe!" Mwamvita alikuwa anacheka, anacheka mpaka pumzi inamkatika. "Basi kuku mwenyewe akatumbukia kwenye pipa la mawese, si unalijua lile pipa la mashineni?"

"Akatoka amepakwa hina mpaka shingoni," ikasema sauti ya Shomari, polepole, kwa kutulia. "Mkamwoza kwa nani?"

Mwamvita akaangua kicheko upya.

Shomari akavua hedifoni akaishika mkononi. Kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu sijui lini. Na jina je? Kwao Ujiji mwanamke akishazaa, mumewe haitwi tena jina tupu. Tangu binti yao Zaituni azaliwe yeye alikuwa Baba Zaituni, naye akimwita mkewe Mama Zaituni, kwa heshima zote. "Shomari" ilikuwa imeachwa kule kwenye uchumba, nyuma ya mashine ya kukamua mawese, walipokuwa wakiibiana maneno. Sasa ilikuwa imeokotwa, akapewa mwingine.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, na huyu alikuwa ndani zaidi ya nguo, alikuwa kooni. Shomari aliona wivu mpaka masikio yakamwaka moto. Kilichomchoma zaidi ni kwamba huyo bwana wa ghalani anaishi kwa maji baridi, na wanaompelekea maji hayo ni Shomari na wenzake.

*

Kesho yake Mwamvita alipiga bila tisa.

"Baba Zaituni, umeamkaje?"

"Salama. Jana nilikuambia unipigie."

"Mashineni kulikuwa na kazi."

"Kazi. Na nani alikuwepo?"

"Watu wa kikundi cha mawese, kama siku zote."

"Watu gani? Nasikia sauti ya mwanamume hapo nyuma."

"Ni mjomba wako huyo, anapanga madumu. Nimpe simu?"

"Jana mchana uliongea na nani, Mama Zaituni?"

"Na wewe," akasema.

Shomari angesema nini? Kwamba amemfumania mkewe na mumewe? Wangemcheka Ujiji nzima, na huku chini wangemcheka zaidi, kwa kuwa huku hakuna pa kwenda kujificha. Wakaulizana habari za homa ya Zaituni na bati lililong'oka, kisha Mwamvita akasema ana haraka. Shomari akabaki ameshika mkono wa simu, anajiuliza kama haraka hiyo ni ya kwenda kubonyeza tisa.

Ndipo akakumbuka kwamba yeye ni fundi.

*

Ruta haijui watu. Inajua tarakimu, nayo inazisoma moja baada ya nyingine na kuzilinganisha na kanuni ilizoandikiwa. Kanuni ya wafanyakazi wote iliandikwa 77 halafu nukta nne, na kila nukta inapokea tarakimu yoyote itakayokuja. Kanuni ya vivuli ilikuwa 977 na nukta nne. Simu ikilingana na kanuni mbili kwa wakati mmoja, inashinda ile iliyotaja tarakimu nyingi zaidi kwa jina. Ndivyo hata mwalimu akiita "nyie watoto" darasa zima linatazama, lakini akiita jina na la baba yake anasimama mmoja.

Kisha ruta inakula. Tarakimu zilizotajwa kwa jina inazimeza, kazi yake imekwisha, na inazosukuma mbele ni zile tu zilizonaswa na nukta. Mwamvita akipiga 9773418, ruta inameza 977, inasukuma 3418 kwenda ghalani, na huko bwana yule anaamka.

Shomari akaandika kanuni mpya ya kumshinda: 9773418, namba nzima, bila nukta, iende kwenye simu ya ukutani chumbani kwake. Akaijaribu kutoka ubaoni. Kimya. Hata mlio haukutoka.

Akajipiga kipaji cha uso. Ruta imemeza zote saba, haikubakiwa na hata moja ya kusukuma. Na juu ya ubao, fundi wa kwanza wa Kilindi alikuwa amechora kwa kisu maneno ambayo kila aliyefuata alifundishwa kabla ya kufundishwa chochote: ACHA NUKTA MOJA. Ruta ile kuukuu haikupeleka simu kokote isipobakiwa na tarakimu mkononi, na nukta haikukubali kukaa popote ila mwishoni.

Akafuta nane, akaweka nukta. 977341 na nukta. Itakayonaswa itangulizwe 341, ipelekwe kwenye simu za ukutani, na isipopokewa isirudi ghalani kamwe. Akajaribu, na kwa mbali akasikia simu ya chumbani kwake ikilia.

Nukta haichagui. Inanasa nane, na inanasa sifuri mpaka tisa vilevile, na namba za vyumba vya ujia wake zote zilianza na 341. Jambo hili Shomari angemweleza mwanafunzi wake huku amefumba macho. Siku ile wivu ulimwonyesha nane peke yake.

*

Simu ililia baada ya chakula cha mchana. Shomari alikuwa amekaa kitandani anaingoja.

"Mwamvita," akasema, polepole, kwa kutulia, kama alivyomsikia mwenzake.



"Shomari. Nimekuta nafasi kidogo."

Jina lile likamwingia mwilini mzima. Akataka kusema mengi, lakini angesema neno lisilo la kivuli angekamatwa, basi akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka: akanyamaza akasikiliza. Mwamvita akamweleza kuku wa hina anavyowakimbia wenzake. Akamweleza Zaituni ameanza kusoma mabango ya barabarani kwa sauti, hata yasiyosomeka mbele za watu. Shomari akacheka kicheko chake mwenyewe, akaogopa, kisha akaona hakikumsaliti.

Hewa ya Kilindi ni kavu, hupitishwa kwenye mashine mpaka inakwaruza koo. Kikohozi kikamjia. Akaziba mkono wa simu kwa kiganja, akakohoa ndani ya shati.

Upande wa pili ukanyamaza. Ukanyamaza muda mrefu kidogo.

"Upo?" Mwamvita akauliza.

"Nipo."

"Basi nina jambo. Wa kituo wamenipigia. Muhula wa Baba Zaituni unaisha, wanamtaka abaki mwingine, na sheria yao mpaka mimi nikubali kwa mdomo wangu. Kesho nawajibu."

Shomari alijua siku hiyo inakuja. Hakujua kwamba imefika.

"Nikikubali, anabaki huko," Mwamvita akaendelea. "Nisipokubali anarudi nyumbani, na akirudi, wewe wanakufuta. Hawaweki kivuli cha mtu aliyepo."

"Na moyo wako unasemaje?"

"Moyo wangu umechoka. Nikisema abaki, Zaituni atakua anamjua baba kwa sikio tu. Nikisema arudi, nani nitamweleza mambo ya kuku?"

"Mweleze yeye." Shomari alijikaza sauti isipande. "Kwani anakukosea nini?"

"Hanikosei. Ananichunga. Kila simu ni nani alikuja, ulikwenda wapi, sauti ya nani hiyo nyuma. Nikishika simu yake natafuta maneno ya kujitetea kabla sijatenda kosa. Wewe huniulizi nani alikuja. Wewe unaniuliza kuku."

Shomari akafumba macho. Ilimuuma, na katikati ya maumivu yale yale, Mungu amsamehe, alikuwa bado anajiuliza kama yule mjomba kweli alikuwa mjomba.

"Kesho baada ya chakula," Mwamvita akasema, "nitakuambia wewe kwanza kabla sijawaambia wao. Umesikia? Wewe kwanza."

Akakata.

*

Alipofungua mlango kwenda kunywa maji, alisikia simu inalia. Ililia ikakatika, ikalia tena. Akafuata mlio mpaka chumba cha tatu kutoka chake, mlango uliofungwa kwa kufuli na kubandikwa utepe mweusi. 3415.

Chumba kile kilikuwa cha Oresti, kijana wa Kasanga aliyefia kwenye pampu ya kwanza wakati wa baridi. Mwili ulipandishwa juu, mama yake akamzika kwa mikono yake. Kisha akaomba jambo moja: muhula wa mwanawe ulikuwa haujaisha, basi kivuli chake wasikifute mpaka uishe. Kituo kilikubali. Tangu hapo Mama Oresti alipiga kila siku baada ya chakula cha mchana, akaweka tisa mbele, akamwambia mwanawe alichopika. Asiye na mwana aeleke jiwe, na jiwe la mama huyu lilijua kuitikia.

Sasa lilikuwa haliitikii. Nukta ya Shomari ilikuwa imenasa tano, ikaitanguliza 341, ikaileta simu ya mama kwenye chumba cha marehemu.

Mlio ukakatika. Shomari akasimama pale, miguu haimwambii aende wapi.

"Unausikia na wewe?"

Alikuwa Bi Nyamizi, msimamizi wa kituo, mama wa Tabora mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, aliyewaita wafanyakazi wote wanangu, hata waliomzidi umri.

"Nausikia, Bi Mkubwa."

"Amenipigia ofisini. Anasema Oresti hapokei. Nimemwambia labda kebo." Bi Nyamizi akashika utepe mweusi kwa ncha ya vidole. "Ameniuliza swali, mwanangu, nimeshindwa kumjibu. Ameniuliza, amekufa tena?"

Shomari akameza mate.

"Na yule jirani yako wa 3412 anapiga kelele kule kantini," Bi Nyamizi akaongeza. "Mama mkwe wake alitaka kumsengenya kwa kivuli chake, akampata mkwe mwenyewe, akamsema robo saa kabla hajagundua. Ruta ina nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Kanuni ile angeifuta kwa kidole kimoja. Lakini akiifuta leo, kesho Mwamvita atabonyeza tisa na jibu la ndoa yake litakwenda ghalani, likasikilizwe na yule, kwanza. Yeye ataambiwa baadaye na ofisi, kama mtu anayetangaziwa ratiba ya zamu. Na njia ya katikati hakuna. Nukta haikubali kunasa nane ikaacha tano.

"Ni kebo," akasema Shomari. "Inahitaji kupimwa. Kesho jioni itakuwa tayari."

"Kesho jioni." Bi Nyamizi akamtazama. "Wewe ndiye fundi."

Akaenda zake. Shomari alirudi kitandani akalala chali na kujitetea kimoyomoyo. Mama yule si anajua mwanawe alishakufa? Siku moja bila kivuli si itamfaa, azoee? Na kivuli si mtu, ni mitambo na maji baridi. Akafika hapo, akakwama. Kama kivuli si mtu, yeye alikuwa anamwonea wivu nani?

*

Siku ya pili hakula. Muda wa chakula ulipokaribia kwisha, hakwenda chumbani kwake kungoja simu. Alikwenda chumba cha ruta, akajiambia anakwenda kutazama tu.

Simu ya ukutani ya chumba cha ruta aliweza kuiunganisha na ya kwake, ampokee Mwamvita hapo hapo. Akaiunganisha. Akaweka kiti. Kanuni ilikuwa mbele yake kwenye kioo, 977341 na nukta yake, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufutia. Akajiambia asikilize kwanza, afute baadaye. Dakika chache tu zitamdhuru nani?

Taa ya 3415 ikaanza kuwaka na kuzima, nyekundu, simu inaita. Mama Oresti. Shomari hakuwa na haja ya kusikia. Alijua chumba kimefungwa, simu inalilia kitanda kilichotandikwa, na mwanamke yuko Kasanga kaweka simu sikioni anahesabu milio.

Kisha ya 3418 nayo ikawaka nyekundu, na simu iliyo ubavuni mwake ikalia.

Mkono wake ulikwenda wenyewe. Aliugusa mkono wa simu. Jibu limo humu, alikuwa anajiambia, limo humu ndani, ninyanyue tu, atasema, nitajua. Hakuwa amelitaka jambo lolote maishani kama alivyotaka kunyanyua simu ile. Taa mbili zilikuwa zinawaka na kuzima, moja haijapatana na nyingine.

Ilikatika ya kwanza ile ya Kasanga. Ikazima. Halafu ikawaka tena, mama amepiga upya.

"Lahaula," akasema Shomari, akabonyeza kitufe.

Kanuni ikafutika. Simu ubavuni mwake ikanyamaza katikati ya mlio. Kwenye ubao taa zote mbili zikatulia kwa pamoja, kijani, 3415 na 3418. Ruta ilikuwa imerudi kwenye kanuni ya zamani, imemeza 977, imesukuma kila mmoja ghalani kwake.

Hedifoni ilikuwa inaning'inia kwenye msumari. Shomari akaitazama. Alikalia mikono yake, hasa, akaiweka chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa sukari, akaangalia taa ya namba yake inavyowaka kijani kwa ajili ya mwingine. Ilikaa sana. Ilikaa mpaka akachukia rangi ya kijani.

*

"Haikuwa kebo," alimwambia Bi Nyamizi ofisini. "Ilikuwa mimi. Nilitaka kusikiliza simu za mke wangu."

Bi Nyamizi hakupandisha sauti yake ndogo. Alinyoosha mkono, kiganja juu. Shomari akauweka hapo ufunguo wa chumba cha ruta, uliokuwa umekaa shingoni mwake muhula mzima.

"Mama Oresti amempata?" akauliza.

"Amempata. Ameniambia amempikia kisamvu." Bi Nyamizi akafunga kiganja. "Sasa utashika zamu za pampu. Wewe usiniambie zaidi, nitakuchukia."

Chumbani simu ilikuwa inalia. Aliikimbilia. Hakuwa na njia ya kujua ni nani, mpaka aliposikia.

"Baba Zaituni."

"Mama Zaituni."

"Juzi ulikohoa," akasema Mwamvita. "Tena asubuhi yake ulikuwa umeanza kunifokea kwa sababu ya sauti ya mjomba wako. Nikajumlisha."

"Ilikuwa jana, si juzi," akasema Shomari, na hapo hapo akajua amekiri.

"Jana, basi. Kivuli hakikohoi, mume wangu."

"Mbona hukukata?"

"Nilikasirika mpaka nikataka kukutukana. Halafu nikaona unanyamaza. Nikasema, hebu nione atanisikiliza mpaka wapi. Ukanisikiliza mpaka mwisho. Hilo lilinishangaza kuliko kikohozi." Akavuta pumzi. "Leo nimeweka tisa nikikutaka wewe. Nimebonyeza nikasema huyu mjinga atakuwa amekaa tayari. Akapokea yeye. Nilimjua palepale. Nikajua umetoa mkono wako."

Shomari aliegemeza paji la uso kwenye ukuta wa chuma. "Kulikuwa na mama anamtafuta mwanawe," akasema. Hakuongeza, na Mwamvita hakumwuliza.

"Nimewajibu ofisi. Nimewaambia sikubali. Unapanda na Ndoo ya Ijumaa."

Ndoo ndilo jina walilokiita chombo cha kupandia juu. Shomari alitaka kufurahi, na kweli alifurahi. Lakini wivu ni kama harufu ya mawese kwenye nguo, ukifua haitoki siku moja.

"Na yeye?"

"Nimemuaga."

"Mlikaa sana kwenye simu. Ulimwambia nini?"

"Umeanza?"

Shomari akajishika mdomo kwa kiganja kile kile cha jana. Akahesabu pumzi zake mbili, tatu.

"Kuku hajambo?" akauliza.

Mwamvita akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha kukatika pumzi. Kilikuwa kidogo, cha majaribio, lakini kilikuwa cha simu isiyo na tisa.

"Hajambo. Ijumaa utamwona mwenyewe."

Alipokata, Shomari alikaa kitandani akiwa na simu mapajani. Alikuwa ameshinda. Mke amemchagua, mwenzake anafutwa, na yeye anarudi kwao. Akajiambia hayo mara kadhaa. Kisha, kama mtu yeyote wa nchi kavu asiye na ufunguo wala hedifoni, akabonyeza 9773418.

"Shomari hapa," ikasema sauti yake, polepole, kwa kutulia.

"Mimi ndiye."

"Nakujua. Umechoka leo."

"Mke wangu. Alikuambia nini?"

Ghalani kukawa kimya. Hakikuwa kimya cha mitambo kutafuta jibu. Shomari alikijua, kilikuwa kimya chake mwenyewe, na mwishoni mwake akasikia mate yakimezwa.

"Ijumaa hawatabakiza kitu changu," ikasema sauti. "Nina hilo tu, aliloniambia leo. Ungekuwa wewe ni mimi, ungelitoa?"

Shomari akafikiri, ingawa halikuwa swali la kufikiri. Asingelitoa. Hata kwa kupigwa asingelitoa, angelishika mpaka taa izime.

Akarudisha simu ukutani, akatoka kwenda kuitazama pampu ya pili. Walikuwa wamekwisha kuizibua. Maji baridi yalikuwa yanapanda Kigoma kama kawaida, na zamu iliyofuata ilikuwa yake.